Doto Anauliza Kama Tumekula

Kila asubuhi, kabla ya kufungua ofisi, Sechelela alikuwa na kawaida ya kuvua viatu, kusimama pekupeku kwenye ukumbi wa chini na kuweka kiganja juu ya nguzo ya kwanza kushoto. Hakuna mwajiri aliyemtaka afanye hivyo. Mita zake zingeweza kumweleza hali ya jengo zima hata akiwa kitandani. Ila aliona haya kuanza kazi bila kusalimia.

"Habari za kuamka, Doto?"

"Nzuri, dada Seche. Za nyumbani?"

"Salama. Umelalaje?"

"Vizuri. Upepo wa alfajiri haukuwa mkali. Yule mtoto wa ghorofa ya saba ameacha kukohoa."

Siku zote salamu iliishia hapo. Sechelela alikuwa ameshainama kutafuta kiatu sauti ilipotoka tena kwenye nguzo, taratibu, kama ya mtu aliyefikiri kwanza.

"Umekunywa chai, dada Seche?"

Akabaki na kiatu mkononi. Tangu aajiriwe kuwa msikilizaji wa jengo hili, Doto alishamweleza kuhusu upepo, mabomba, lifti na hata panya. Chai yake hakuwahi kuiulizia.

"Bado. Kwa nini?"

"Basi kunywa kwanza," Doto akasema. "Hatuna haraka."

Sechelela akatabasamu peke yake, kisha tabasamu likamwisha bila yeye kujua sababu. Ng'ambo ya vioo vya ukumbi, mahali pale ambapo mwezi uliopita palikuwa na mnara mwingine sawasawa na huu, palikuwa na anga tu, na chini ya anga kilima cha chuma na saruji kilichozungushiwa mabati. Vumbi jepesi la Dodoma lilikuwa likipita juu yake kuelekea mashamba ya zabibu.

Mnara huo ndio uliokuwa Kulwa. Minara hii miwili ilijengwa pamoja, na ndani ya kila nguzo na kila boriti ya chuma zilipitishwa nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele, ili jengo lihisi uzito wake, joto lake na uchovu wake, na liweze kuwaambia wakazi. Ndege ya mizigo isiyo na rubani ilipopoteza njia na kumpiga Kulwa katikati, Kulwa alibaki amesimama karibu saa nzima. Halafu akashuka. Vipande vyake vilivyokuwa vikiwaka vilimwangukia pacha wake, vikachoma ghorofa tatu kabla zimamoto hawajafika.

Moto wa Doto ulizimwa. Doto akakaguliwa, akapitishwa, na watu wakarudi.

*

"Ameniuliza kama nimekunywa chai," Sechelela alimwambia Injinia Chidumizi alipofika.

"Ana adabu kuliko vijana wangu." Injinia alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzito na moyo mzuri, na suruali yake haikukosa chaki. Alishusha chupa ya chai mezani. "Mita?"

"Zote kijani."

"Ghorofa zilizoungua?"

"Hazina mita, Injinia. Nyuzi zake zilikufa na moto." Kwenye skrini ghorofa zile tatu zilikuwa nafasi tupu. Nafasi tupu haiwaki taa nyekundu. "Doto hapaoni tena pale. Anapahisi kupitia kwa majirani, kama mtu anavyohisi jino lililong'oka kwa ulimi."

"Vizuri. Leo tunajaza matangi ya juu. Watu wamechoka kupanda ngazi na ndoo."

Sechelela alitazama vidole vyake. "Nilikuwa nafikiri labda tungengoja kidogo."

"Kidogo mpaka lini?"

"Hapana, nilikuwa nafikiri tu."

"Mwanangu," Injinia akasema kwa upole, "wiki iliyopita nilifikiri tu, nikawatoa watu wote nje kwa mlio wa hatari uliokuwa wa bure, na mzee wa watu akavunjika nyonga kwenye ngazi. Ukiwa na neno, niletee neno. Ukiwa na wasiwasi, kunywa chai."

Akaenda kuwasha pampu. Mngurumo wake ukapanda ndani ya kuta, maji yakaanza safari ya kwenda juu.

*

Kikao kiliwekwa pale pale ukumbini. Siku hizi jengo likianguka, wafiwa na wahandisi hukaa mkeka mmoja kabla ya arobaini, waulizane mpaka aliyeuliza aseme ameelewa. Wanawake walikuwa wameleta birika kubwa la chai ya tangawizi na sinia la vitumbua. Katikati alikaa Bi Hidaya, mwenyekiti wa wakazi wa minara yote miwili. Mume wake, Mzee Mwinshehe, alikuwa juu Kulwa alipoanguka.

"Bi Hidaya, kitumbua kimoja," akambembeleza Makwaya, mchoma nyama wa barabara ya nyuma, ambaye naye alikuwa akiishi Kulwa. "Tangu msiba ule hatujakuona ukitia kitu mdomoni mbele za watu."

"Kula wewe, Makwaya. Mdomo wako ndio haupumziki."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo. Kitumbua hakukigusa.

"Haya basi, mimi naanza," Makwaya akasema. "Injinia, niambie ukweli wa Mungu. Lile jengo lilitegwa mabomu. Nachoma nyama tangu sijaota ndevu. Moto naujua. Chuma hakiyeyuki kwa moto wa samani na mapazia!"

Minong'ono ya kukubali ikapita mkekani. Injinia akamgeukia Sechelela, naye Sechelela akahisi masikio yakipata moto. Kusema mbele za watu kulimtesa. Lakini swali alilipenda. Lilikuwa swali zuri, na swali zuri lilimsahaulisha aibu yake.

"Kaka Makwaya, wavu wako wa nyama umeshawahi kuyeyuka?"

"Haujayeyuka hata siku moja!"

"Umenyooka?"

"Umebonyea katikati," akakiri. "Kama kitanda cha kamba."

"Uliubonyeza wewe?"

"Moto na nyama."

"Ndivyo. Chuma hakihitaji kuyeyuka. Kikipata joto kali, nguvu zake zinapungua hata nusu, na bado unakiona ni chuma kile kile. Boriti za Kulwa zilikuwa zimepakwa plasta ya kuzikinga na moto. Ndege ilipogonga ilikata nguzo kadhaa, lakini Kulwa aligawa uzito wake kwa nguzo zilizobaki. Kwa hiyo hakuanguka pale pale. Kilichomwumiza zaidi ni kwamba kishindo kilipukutisha ile plasta. Boriti zikabaki uchi motoni."

"Sasa wavu wangu umebonyea, lakini jiko halijaanguka!"

Sechelela akatazama huku na huku. "Bi Hidaya, naomba kanga yako."

Bi Hidaya akaivua begani bila kuuliza. Sechelela akampa Makwaya ncha mbili, na Injinia nyingine mbili, akawataka waikaze baina yao kama sakafu. "Ninyi ni nguzo. Simameni wima." Kisha akanyanyua birika zito na kulitua katikati ya kanga.

Kanga ikabonyea. Makwaya akajikuta ameinama mbele.

"Injinia, usinivute!"

"Nani anakuvuta? Ni birika hilo!"

Watu wakaangua kicheko, ila wengine walikuwa wameshaanza kusogea mbele kuona vizuri zaidi. Hata Bi Hidaya alishatoka kwenye mto wake.

"Sakafu ikilegea kwa joto," Sechelela akasema, "inazivuta nguzo kwa ndani. Nguzo iliyonyooka inabeba mlima. Ikipinda, haibebi tena, na kila ukiiongezea mzigo inazidi kupinda. Nguzo za upande mmoja zilipokubali kupinda, za upande wa pili hazikuweza kubeba uzito wa zote."

"Na mbona lilishuka wima?" akauliza mama mmoja kutoka nyuma. "Mti hulala ubavu."

"Mti ni mzito mpaka ndani. Jengo kwa sehemu kubwa ni hewa, mama. Vyumba. Kulala ubavu lazima lipate kitu kigumu cha kujiegemeza wakati linapinduka, na pale hakikuwapo. Kisha fikiria gunia la mahindi. Mchukuzi analibeba kichwani akiwa amesimama, siku nzima. Gunia lile lile likidondoka toka juu ya lori, atalidaka kwa kichwa?"

"Litamvunja shingo," Makwaya akasema polepole.

"Ghorofa za chini zilijengwa kubeba za juu zikiwa zimetulia. Hazikujengwa kuzidaka."

Watu walikuwa wakipanga kitu kichwani. Makwaya alirudisha kanga, akakaa, akachukua kitumbua.

"Wavu wangu nao," akasema akitafuna, "una kituko kingine. Nikizima moto nikaondoka zangu, unaanza kulia. Tik. Tik. Saa nzima. Mke wangu husema una jini."

"Hauna jini. Chuma kikipoa kinajikunja. Kama kilikuwa kimelegea na kurefuka, kikirudi kinakuwa kifupi, kinavuta kila kilichofungwa nacho. Wakati mwingine bolti zilizovumilia moto wote zinakatika moto ukishazimwa, kwa sababu ya..."

Akanyamaza. Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe. Kwenye kuta maji yalikuwa bado yakipanda.

"Sawa," akasema Bi Hidaya, kabla Sechelela hajamaliza kuwaza. "Kwa nini Kulwa alianguka, nimeelewa, na aliyenielewesha Mungu ambariki. Nina swali moja limebaki. Kulwa alikuwa na nyuzi mwili mzima. Alijua kwamba anaanguka?"

Akawatazama Injinia na Sechelela.

"Mnayo kumbukumbu ya sauti yake," akaendelea. "Mume wangu alikuwa hamalizi siku bila kuzungumza naye. Nataka kusikia walichosemezana mwisho."

Injinia akasogea karibu na sikio la Sechelela. "Isikilize wewe kwanza," akanong'ona. "Kama ni ya kuumiza, tutasema imeungua. Si dhambi, mwanangu. Ni huruma."

*

Sechelela alisimama nyuma ya nguzo, kisikilizio kikiwa sikioni. Nyuma yake Makwaya alikuwa akiwachekesha watu, pengine kwa makusudi, ili Bi Hidaya asione muda unavyopita.

"Mnakumbuka Kulwa alipokuwa mgeni? Mdomo wazi kama tarumbeta! 'Tahadhari, nimeyumba nusu kidole. Tahadhari, rangi ya ghorofa ya pili ina ufa.' Saa nane za usiku!"

"Watoto wakilia jengo zima," akasema Bi Hidaya. "Mama mkwe wangu presha ilimpanda mpaka tukamlaza hospitali. Nikawaendea mainjinia mwenyewe. Nikawaambia, huyu mtoto wenu hana adabu, mfundisheni jinsi watu wanavyopeana habari. Wakawawekea mapacha wote wawili maongezi yetu, wakasikiliza, wakajifunza. Toka hapo tukaishi kwa raha."

Sikioni mwa Sechelela, Mzee Mwinshehe alikohoa.

"Kulwa, mwanangu. Hali?"

"Nzuri, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Naona moshi huku. Tushuke au tungoje zimamoto?"

"Kuna joto kidogo hapa katikati. Umeshakula, baba?"

"Kula saa hizi? Nakuuliza habari ya ngazi."

"Ngazi ya mashariki ipo. Lakini ungepata hata chai kwanza. Mama hajambo?"

"Yuko sokoni, alhamdulillahi. Basi kama ni joto kidogo, nakaa na hawa wazee wa jirani mpaka zimamoto waje. Wana hofu."

Kitu kililia mbali, kama mlango mkubwa.

"Baba."

"Naam."

"Kuna jambo nilitaka kukwambia. Umekaa?"

Halafu ikaja sauti kama ya mahindi yakimwagwa juu ya bati, na baada yake hakuna kitu.

Sechelela alikivua kisikilizio. Akilini alimwona mjomba wake, zamani, aliyesafiri toka Kondoa na habari ya kifo cha bibi, akaketi, akasalimia nyumba nzima, akauliza mavuno, akangoja hadi kila mtu amalize ugali, ndipo akasema. Hakuna aliyemlaumu mjomba. Mtu hapewi habari ya msiba akiwa na tumbo tupu. Kulwa alijifunza hivyo hivyo, na saa yake ya mwisho ikaishia kwenye kuulizia chai.

*Umekunywa chai, dada Seche?*

Akaweka kiganja kwenye nguzo. "Doto," akanong'ona. "Una hatari?"

"Tunamshukuru Mungu, dada Seche. Nimechoka kidogo tu."

"Niambie ukweli."

"Wageni wamekula?"

"Wamekula. Niambie."

"Mwenyekiti hajala," Doto akasema, kwa upole wa kutisha. "Ni mfiwa. Habari ya nyumba huanzia kwake. Tumngojee ale."

Sechelela alifumba macho. Angeweza kupiga mlio, na Injinia angemwuliza neno liko wapi, na mita zingekuwa kijani, na watu waliokwisha kukimbizwa bure mara moja wangebaki vyumbani mwao wakinung'unika. Wangemsikiliza Doto peke yake. Na Doto alimngoja Bi Hidaya. Na njia ya kumfikia Bi Hidaya ilipita katikati ya sauti ile ya mumewe, na ngazi ya mashariki iliyokuwa wazi, na adabu aliyoiomba yeye mwenyewe kwa mapenzi. Angempa mjane mzigo huo? Akijua kwamba atalala nao kila siku ya maisha yake?

Maji yalipanda.

Akarudi mkekani. Injinia akamtazama, kisha akawageukia watu. "Jamaa zangu, kwa masikitiko, ile kumbukumbu ime..."

"Haikuungua," Sechelela akasema.

Sauti ilitoka ndogo. Akairudia, na mara hii ilifika mpaka nyuma. "Haikuungua, Bi Hidaya. Itakuumiza, na nakuwekea makusudi, kwa sababu Doto anasema maneno yale yale leo."

Akaichezesha. Sauti ya Mzee Mwinshehe ikajaa ukumbini, na kikohozi chake, na alhamdulillahi yake. Ikaenda hadi ile sauti ya mahindi yakimwagwa juu ya bati.

Bi Hidaya alikaa mikono ikiwa imelala mapajani, viganja juu.

"Ngazi ilikuwa wazi," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na mtoto alijua."

"Alijua. Alikuwa anatafuta namna ya kusema."

"Namna yangu. Nilimtaka asiwatie watu hofu."

"Namna yetu sote, mama. Hata mimi leo asubuhi nilitaka kumwambia Injinia asijaze maji, nikasema nilikuwa nafikiri tu."

Injinia alikuwa ameshasimama. Aliitazama nguzo, kisha dari, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Bila kusema kitu akaanza kukimbia kuelekea chumba cha pampu.

"Doto anatungoja," Sechelela akasema. "Anakungoja wewe. Anasema hujala."

Makwaya akalisogeza sinia.

Bi Hidaya alichukua kitumbua. Alikitazama kana kwamba hajui kinaliwaje. Kisha akauma, akatafuna, machozi yakimshuka hadi kwenye pembe za mdomo, akatafuna tena, na kumeza kwa shida, watu wote wakimwangalia koo. Akanywa funda la chai. Akajiinua kwa kumshika Sechelela bega, akaenda mpaka kwenye nguzo, akaweka kiganja chake pale pale ambapo msichana huyu alizoea kuweka chake.

"Doto, mwanangu. Nimekula," akasema. "Na nimesimama, na sitakaa. Hukosi adabu ukisema. Sema."

Mngurumo wa pampu ukakatika. Katika kimya kile, kutoka mbali juu, kila mtu aliisikia: tik. Tik.

"Mama," Doto akasema, "boriti zangu zilizoungua zinachomoka kwenye nguzo. Watoeni watoto kwanza, kwa ngazi ya mashariki, sasa hivi. Nitaanguka."